Mraba wa Ukurasa wa Kwanza

Kila asubuhi, kabla hata hajachana nywele, binti wa maktaba alichemsha chai, akaweka kikombe juu ya gazeti kuukuu ili kisiache alama mezani, kisha akafungua malalamiko.

Ndivyo alivyoyaita maandishi aliyotumiwa na watu mtandaoni, ingawa mengine yalikuwa shukrani. Mchana alikuwa mtunza kompyuta wa maktaba ya chuo, kazi ya kuwasha na kuzima na kuwaambia watu kwa upole kwamba waya umechomoka. Kazi ya moyo wake ilikuwa Mkasi. Mkasi ilikuwa programu aliyoiandika mwenyewe: unaipa vipimo vya mtu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nayo inakutolea patani, yaani vile vipande vya karatasi ambavyo fundi cherehani huvilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Aliiandika kwa ajili ya mama yake, mshonaji ambaye macho yalikuwa yameanza kumgomea. Ilipokubali kufanya kazi, akaiweka mtandaoni bure, pamoja na msimbo wake wote, na juu kabisa akaandika: chukua, tumia, badilisha, mpe mwenzako. Watu walichukua. Hawakujua jina lake wala sura yake. Walimwita Mwenye Mkasi tu.

Asubuhi hiyo chai ilipoa bila kuguswa. Mshonaji mmoja wa sare za shule alikuwa ametuma picha ya mtoto aliyevaa shati ambalo vifungo vyake havikufika kwenye matundu. Sare za darasa zima zimetoka ndogo, aliandika, na programu yako ni ya uongo. Pamoja na hiyo akatuma picha ya kioo cha kompyuta yake. Binti akaikuza. Kando ya namba ya toleo palikuwa na mchoro mdogo wa bisibisi.

Hakuwahi kuchora bisibisi maishani mwake. Aliukodolea macho kama mtu aliyekuta gauni lake limeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Alimwuliza yule mama aliipata wapi. Jibu likaja upesi: kwa kijana anayeitwa Bisibisi, jengo la maduka karibu na stendi, ghorofa ya chini. Tena huyo Bisibisi ndiye aliyempa anwani ya kulalamikia. Alisema yeye anafunga na kugawa tu, ikisumbua, mwandikie mwenyewe.

Binti angeweza kumwandikia huyo Bisibisi. Kwenye maandishi alikuwa simba. Lakini udadisi ulimwingia kama funza kidoleni. Alitaka kumwona uso mtu anayeifungua kazi yake, akaichokoa, akaifunga upya na kuiachia mlangoni kwake matusi.

Akavaa gauni lake la bluu lenye vidoadoa vyeupe, lile lenye mifuko, patani ya Mkasi na mkono wa mama yake, akapakata laptopu na kwenda.

Ghorofa ya chini ilijaa watu na harufu ya plastiki iliyoungua. Kila duka lilipiga muziki wake. Njia nzima binti alikuwa amepanga maneno makali, yenye adabu lakini makali, ila mtu aliyebeba boksi la televisheni alimsukuma kwa bega, akajikuta amegonga kaunta moja kwa kiuno, na maneno yote yakamwagika. Nyuma ya kaunta alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa vizuri hadi viwikoni, bisibisi imekaa juu ya sikio kama kalamu.

"Karibu, dada. Leo inasumbua nini?"

"Nataka," akasema, akaanza upya. "Nataka ile programu ya kushonea."

"Mkasi? Umefika penyewe. Unashona?"

"Najifunza."

Haukuwa uongo mtupu. Vifungo aliweza, akipewa muda.

Kijana akaangalia gauni, si kwa jicho la uhuni, bali kama mtu anayetazama ukuta uliojengwa ukanyooka. "Na hilo kakukatia nani? Limekukaa."

"Mama."

"Mwambie mama ana mkono."

Akamvutia kiti, akachomeka flashi, akaanza kumfundisha. Ndivyo ilivyotokea kwamba Mwenye Mkasi aliketi kwenye kiti cha plastiki akafundishwa Mkasi, pole pole, hatua kwa hatua, na mtu aliyeipenda. Kijana alimweleza kwamba toleo la mwenyewe linataka mtandao wa kasi na programu nyingine ndogondogo za kuitegemeza, na washonaji anaowajua wana kompyuta za mitumba zisizo na mtandao kabisa. Kwa hiyo yeye amekusanya kila kitu, akakifunga pamoja, unabonyeza mara moja basi.

"Mwenyewe ana akili ya ajabu," alisema. "Angalia hapa anavyokokotoa kwapa. Mtu mpaka akae chini aipende kazi. Ila maelekezo yake sasa, kama anawaandikia madaktari. Nadhani ni mzee mmoja mkali, ana miwani, hapendi wageni."

Binti alitazama vidole vyake. "Labda ana aibu tu."

"Mzee wa aibu? Basi hata salamu angejibu." Akacheka, akabonyeza. "Hapa kulikuwa na ukurasa wa kwanza wenye mraba mtupu, sentimita kumi kwa kumi. Haushonwi popote. Unakula karatasi ya mtu bure. Nikauondoa."

Binti alifungua kinywa.

Mraba ule ulikuwa wa mama. Mara ya kwanza walipochapisha, printa ilizipunguza kurasa kidogo ili ziingie vizuri kwenye karatasi, na blauzi ikatoka ya mtoto. Mama akasema, niwekee kitu ambacho nitakipima kwa futi yangu mwenyewe kabla sijagusa kitambaa. Kikitimia kumi, nitaiamini mashine yako. Ndiyo maana mraba ulikuwepo. Lakini katika maelekezo yote yale ya kidaktari, Mwenye Mkasi hakuwahi kuandika mraba ni wa nini. Kwake na kwa mama yake lilikuwa jambo la wazi mno.

Alifunga kinywa. Nitamwambia kesho, alijisemea.

Kesho yake alirudi na laptopu, akasema inakuwa nzito. Siku nyingine ilikuwa na joto. Kisha ilianza kutoa mlio ambao yeye peke yake aliusikia. Bisibisi aliifungua kila mara kwa makini, akapuliza vumbi lisilokuwepo, na huku wakizungumza. Alimwita Mwanafunzi. Yeye alimwita Fundi, akaona neno hilo linajaa mdomoni vizuri.

Nyuma ya pazia la duka dada yake kijana alikuwa na chumba cha kushonea, na masikio yaliyopenya pazia. Siku ya pili tu alichungulia, futi shingoni, akasema, "Wifi, ukichoka kukaa na vyuma njoo huku kwenye vitambaa." Binti aliona haya mpaka shingoni. Lakini alikwenda, na ndiko alikoonyeshwa kile kitambaa. Kilikuwa satini nzito, rangi ya maziwa, gauni la harusi la marehemu mama wa msichana mmoja aliyekuwa akiolewa karibuni. Alitaka shela lake likatwe humo humo. "Sina kingine," bibi harusi alimwambia yule dada, akimkabidhi kama anayekabidhi mtoto.

Jioni simu iliita.

"Mwanafunzi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, Fundi?"

"Mgonjwa wetu amelalaje?"

"Amelala, ila anakohoa."

"Mlete kesho nimpige sindano. Na mwenye mgonjwa asikose kuja."

Mama, aliyekuwa chumba cha pili akimsikia, aliuliza anacheka na nani. Na mtu wa kompyuta, alijibiwa. "Watu wa kompyuta hawachekeshi," mama akasema. "Nimezaa mmoja, najua."

Lakini malalamiko ya asubuhi hayakukoma. Suruali zilizobana, mikono iliyoishia juu ya kifundo, na kwenye kila picha, bisibisi. Mtu mmoja alimwita tapeli, mwingine alitaka alipe kitambaa. Binti aliyesoma haya si yule aliyecheka kwenye simu. Huyu alikuwa amechoka, na jina lake, hata lile la kupanga, lilikuwa likivutwa matopeni. Siku moja alivimba akaandika tangazo juu ya ukurasa wa Mkasi: Nakala zenye alama ya bisibisi si kazi yangu. Anayezigawa anaharibu vitambaa vya watu na kujificha nyuma yangu. Msiniulize mimi.

Aliliposti, akaenda kazini.

Alipopita dukani jioni, Bisibisi hakuuliza inasumbua nini. Alimgeuzia kioo, akamsomea tangazo lote, neno kwa neno, kwa sauti ya chini.

"Ananiita mharibifu," alisema. "Mtu aliyeandika mwenyewe, chukua, badilisha, mpe mwenzako. Nimechukua, nimebadilisha, nimempa mwenzangu. Kosa langu liko wapi?"

Binti alipangusa kaunta isiyo na vumbi. "Labda hakasiriki kwamba umegawa. Labda anaumia kuulizwa kitu asichokifanya."

"Unamtetea."

"Nasema labda."

"Na angeshindwa nini kuniuliza? Mchoro wangu uko pale, duka langu liko hapa, kila mtu ananijua. Sijajificha." Akavuta kibodi. "Namwandikia sasa hivi. Sikiliza kama kuna adabu." Akaandika huku akisoma: "Mimi ndiye Bisibisi. Niambie nilichoharibu, nami nitakitengeneza."

Akabonyeza kutuma.

Simu ya binti, iliyolala kwenye kaunta kati yao, ikawaka na kulia.

Wote wawili waliitazama. Binti akaifunika kwa kiganja, haraka mno. Kijana, kwa utaratibu, kama mtu anayepima waya kuona una umeme au hauna, akaandika nukta moja tu, akatuma. Simu ikatetemeka chini ya kiganja.

"Ni wewe," alisema.

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Nimekufundisha kutumia programu yako mwenyewe."

"Ulifundisha vizuri."

Kidogo angecheka, mdomo ulianza, kisha ukaacha. "Umekaa kwenye kiti changu, nimekusomea maneno uliyonitukana, nawe unanisikiliza na kupangusa kaunta. Kumbe mimi nafungua mashine, na kuna mtu ananifungua mimi."

Maneno yalimjaa binti kifuani, yote kwa pamoja, yakakwama mlangoni. Lililofanikiwa kutoka lilikuwa, "Naomba mashine yangu." Akampa. Hakumsindikiza hata kwa macho.

Nyumbani alimweleza mama kila kitu, akilia kwa vituo. Mama hakuuliza habari za kijana.

"Mraba wangu ameuondoa?"

"Ameuondoa."

"Na ulipouona umeondolewa ulimwambia nini?"

Binti akainamisha kichwa.

"Huyo dada yake, patani anachapishia wapi?"

Hapo ndipo binti alipoacha kulia. Siku zote dada alitumia printa ya dukani, ambayo Bisibisi aliipanga vizuri. Lakini wiki hiyo ilikuwa imekufa, fundi wa printa za watu yake haina uhai, walikuwa wamemtania, na dada akapeleka patani ya shela kwenye duka la kopi upande wa pili wa ukumbi. Mashine ya pale hupunguza kila ukurasa. Hata zile sare, sasa aliona, hazikuwa na siri nyingine yoyote: washonaji wasio na printa walichapishia maduka ya kopi, na hapakuwa na mraba wa kuwaambia kitu. Na satini ya marehemu ilikuwa ikatwe asubuhi.

Alimpigia Bisibisi. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, ikawa imezimwa. Namba ya dada hakuwa nayo. Kwa wifi hakuwahi kuiomba.

Asubuhi hakufungua malalamiko. Hakuchemsha chai. Alivaa gauni la jana, akatia futi ya mama mfukoni, akapakata laptopu, akawahi jengo la maduka wakati mageti ya chuma yalikuwa bado yanapandishwa. Duka la mbele lilikuwa wazi bila mtu. Alipita kaunta, akavuta pazia.

Satini ilikuwa imetandazwa meza nzima, karatasi zimelazwa juu yake na kubanwa kwa pini. Bibi harusi alikaa kwenye stuli, mikono magotini. Dada alikuwa ameinama, mkasi mkubwa umeshafunguka kwenye ukingo wa kitambaa.

"Dada, usikate."

Sauti ilitoka nyembamba, cherehani ya duka la pili ikaimeza. Akaita tena, kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Usikate, nakuomba."

Dada aliinua kichwa. "Wifi, kama mmegombana huko mbele, msije kuamulia kwenye mkasi wangu."

"Patani ni ndogo. Zote. Nimeiandika mimi, najua."

Akaeleza, akirukaruka, mraba, printa, duka la kopi, Mwenye Mkasi ni nani. Dada alisikiliza bila kuuachia mkasi. Mwishowe akasema maneno ni maneno, alete huo mraba. Binti akavuka ukumbi na laptopu yake, akachapisha ukurasa wa kwanza kwenye mashine ile ile, akarudi nao mbio. Hakutoa futi ya mama. Alimwacha dada apime kwa yake.

Dada alipima upande mmoja. Akapima wa pili. Akageuza karatasi juu chini akapima tena.

"Tisa na kidogo," alisema. Kisha akapima kipande cha kifua kilichokuwa juu ya satini, akapiga hesabu kimoyomoyo, akauweka mkasi chini taratibu sana, mbali na kitambaa. "Huyu mtoto asingeweza hata kuvuta pumzi." Bibi harusi alishika pembe ya satini, akaing'ang'ania.

"Mimi ndiye niliyeuondoa."

Bisibisi alikuwa amesimama kwenye pazia. Haikujulikana tangu lini. Alimwambia dada yake, lakini alimtazama binti. "Niliona ni karatasi ya bure tu."

"Sikuandika popote ni wa nini," binti akasema. "Na siku unanionyesha umeuondoa, niliona, nikanyamaza. Tangazo nililiandika kwa wepesi. Kukwambia wewe ndiko kulikonishinda."

Dada aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mna akili nyingi," alisema, "za kugawana. Tokeni, mnipe nafasi. Na hiyo printa ya dukani leo ifufuke."

Ilifufuka. Waliifungua pamoja kwenye kaunta, binti akishika tochi, kijana akichomoa kipande cha karatasi kilichokwama ndani. Walizungumza kama watu wanaovuka sakafu iliyotoka kupigwa deki. Mraba ungerudi, na kando yake kungeandikwa kwa maneno ya mtu wa kawaida: pima kwanza, ikipungua kumi usikate.

"Uandike wewe," binti alisema. "Maelekezo yangu yanahitaji daktari."

"Nilisema hivyo bila kujua."

"Ulisema kweli. Na hicho kifurushi chako, sikuwahi kufikiria mtu asiye na mtandao. Nilimfikiria mama tu, na mama ana mimi."

Bisibisi aliitikia kwa kichwa. Alikubali pia kwamba ile 'mwandikie mwenyewe' haikuwa haki. Mchoro wake ukiwa pale, namba ya kulalamikia nayo iwe yake. Binti akafungua ukurasa wa Mkasi mbele yake, akafuta tangazo, wakaandika jingine kwa kupokezana kibodi: Nakala zenye bisibisi zimefungwa na rafiki wa Mkasi. Zikisumbua, mwulizeni yeye. Akishindwa, tutakaa wote wawili.

Printa ikanguruma, ikatema ukurasa wa kwanza. Mraba ulipimwa. Kumi kamili. Kurasa nyingine zikapelekwa nyuma ya pazia, na baada ya muda wakasikia mkasi ukiingia kwenye satini, mlio mrefu, laini, usio na wasiwasi.

Hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Binti alianza kukusanya waya wa laptopu yake.

"Hii mashine," Bisibisi alisema, akaiwekea mkono. "Haijawahi kuumwa. Nilijua tangu siku ya pili."

"Mbona uliifungua kila mara?"

"Ningekwambia ni nzima, ungekaa kwa kisingizio gani?" Akavuta bisibisi sikioni, akaizungusha vidoleni, akairudisha. "Ila jana nilijiuliza usiku kucha. Zile siku zote, alikuja kuangalia programu yake, au alikuja kuangalia nini? Nimeshindwa kujijibu. Nakuuliza wewe."

Binti akakazia macho kibodi. Nyuma ya pazia mkasi ulikuwa umenyamaza, na ilikuwa dhahiri kwamba pazia linasikiliza.

Bisibisi akanyoosha mikono ya shati lake, akazunguka nyuma ya kaunta, akasimama mahali pake pa siku zote.

"Karibu, dada," alisema kwa upole. "Leo inasumbua nini?"

Binti alifunga laptopu. Akaisogeza pembeni ili isiwe kati yao.

"Haisumbui chochote. Siku ya kwanza nilikuja kuona ni mtu gani anayechezea kazi yangu," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Siku nyingine zote nilikuja kwa sababu nakupenda. Sikuwa na sababu nyingine, Fundi, na leo pia sina."